Picha za Upande wa Kulia

Otonglo, Kisumu
Ijumaa, 19 Desemba

Mpendwa kaka Dishon,

Pokea salamu zangu, ingawa ni salamu za ajabu, kwa kuwa tumesalimiana leo asubuhi mlangoni ukaniuliza kama nimelala vizuri, nami nikasema nimelala. Sikulala. Natumaini wewe umepumzika, na ule mgongo uliosema ulikusumbua kwa kusimama lindoni saa kumi na mbili kila siku umeanza kupata nafuu kwenye godoro la nyumbani. Mama ni mzima. Yuko nje anageuza dagaa wake wa omena kwenye wavu. Mimi pia mwili wangu hauna neno. Ni hayo mengine yaliyonifanya nishike kalamu kumwandikia mtu ninayelala naye chini ya paa moja.

Umekwenda soko la Kibuye kunyoa na kununua sukari na leso za kuwapelekea wakwe. Umekwenda kwa pikipiki kwa sababu ulisema gari lisiguswe na vumbi hadi kesho. Nilisimama pale mlangoni nikakuangalia ukipanda nyuma ya yule mwendeshaji, suruali umeikunja, huku gari lako limeegeshwa uani linang'aa, na nikajua kwamba ukirudi kabla sijaandika, sitaandika tena. Tangu Jumatano nimejaribu mara nne kukwambia kwa mdomo. Kila nikifungua mdomo, unanishukuru.

Jumatano ulipofika ulilizunguka gari mara tatu kabla hata ya kumaliza kumkumbatia mama. Ulivua kofia. Uliweka shavu kwenye boneti kama mtu anayesikiliza mapigo ya moyo. Ulisoma kwa sauti maandishi ya kioo cha nyuma, Jasho la Jangwa, ukacheka hadi machozi yakakutoka, kisha ukawaambia majirani kwamba huyu ndiye Profesa wako, kwamba ulikwenda Doha ili asome na sasa mnaona alivyosoma, shilingi haipotei mkononi mwake. Nilitamani ardhi ya Otonglo inimeze pale pale. Nilikuletea maji ya kunawa.

Kaka, gari hilo lilianguka.

Ilikuwa Alhamisi ya mwisho ya Oktoba. Nilikuwa natoka Usenge na magunia manane ya omena ya mama, peke yangu, mchana mweupe, barabara kavu. Nilipokaribia Kisian, kabla ya kuingia barabara ya Busia, gari lilitoka lami upande wa kushoto likagonga ukingo wa saruji wa mtaro. Sikuumia ila kidole. Lakini upande mzima wa kushoto, kuanzia bampa, taa, hadi mlango wa mbele, ulikunjamana kama karatasi ya kufungia mandazi. Magunia yalipasuka na omena ikamwagika mpaka kwenye nyasi. Wanawake wa Kisian walikuja na mabeseni, nami nikadhani wamekuja kuokota vyao. Walizoa yote, wakanirudishia magunia sita na nusu, na mmoja wao akanishika bega akasema, nyamera, dada yangu, samaki watavuliwa wengine, wewe ukishavuliwa umevuliwa. Nilianza kulia wakati huo, si kabla.

Mama nilimwambia ni ng'ombe, na nikamsihi asikutie hofu huko Doha. Nilisema ng'ombe alikatiza ghafla nikamkwepa. Unamjua mama. Jumamosi yake alifunga kilemba akaenda Kisian kumtafuta mwenye ng'ombe alipe. Alizunguka boma kwa boma tangu asubuhi. Kila mtu alimkaribisha chai na kila mtu alikana, na mzee mmoja akamwambia, mama, sisi hapa ng'ombe wetu tunawajua kwa majina na hakuna aliyesema alikuwa barabarani siku hiyo, labda huyo wako alitoka Busia akarudi Busia. Mama alisimulia hayo kwa wauzaji wenzake Kibuye wakacheka wiki nzima. Mimi nilicheka nao.

Bima yetu, kama tulivyokubaliana wewe na mimi, ilikuwa ile ndogo inayolipa wengine tu. Kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kulipa ila sisi. Nami nikaamua, bila kukuuliza, kwamba huyo "sisi" ni mimi.

Hapo ndipo picha zilipoanza. Ulikuwa ukiomba picha kila Jumapili, na kila Jumapili nilikwenda gereji lilikovutwa, nikasimama upande wa kulia wa gari, nikainama mpaka taa ya kushoto isionekane, nikapiga. Jumapili moja nililifunika nusu kwa leso ya mama nikakwambia linaogopa jua. Ulizituma kwa mchumba wako Nabwire, naye akawaonyesha kwao Port Victoria, na baba yake akakujibu kwamba sasa anaona kijana amejipanga. Uliponisomea ujumbe huo kwenye simu sauti yako ilikuwa kama ya mtoto. Nilikumbuka safari yako ya kwanza kwao, ulipofika kwa pikipiki umepakwa matope hadi nyusi, na mjomba wake akakuuliza mbele ya wageni kama wewe ndiye yule fundi wa choo waliyemngojea tangu asubuhi. Uliisimulia kama kichekesho. Lakini mimi ndiye niliyefua shati lile, na niliona ulivyokaa kwenye kiti jikoni bila kuwasha taa.

Kisha, katikati ya Novemba, ukanitumia elfu sitini. Ulisema ni za kulipamba kwa ajili ya safari ya wakwe: rimu za kung'aa, vioo viwekwe tinti, viti vivikwe upya, na yale maandishi ya nyuma. Ulisema nikadirie mwenyewe, kwa kuwa bajeti ni kazi yangu.

Nilikadiria. Mimi nilikuwa na akiba yangu elfu thelathini na moja, zile za mtihani wa uhasibu, na mama alikuwa amepokea kumi za chama akanipa zote. Jumla laki moja na elfu moja. Nikaenda nazo kwa Mzee Obiero, yule fundi wa bodi nyuma ya Kibuye ambaye mama humwamini kwa sababu huomba kabla ya kuwasha gesi. Mzee aliingia chini ya gari akakaa muda mrefu. Alipotoka akanivuta mkono nami nikaingia chini na gauni langu la kanisani, akakiweka kidole changu mahali penyewe. Kaka, chesisi, ule uti wa mgongo wa gari, imepinda, na pale inapobeba gurudumu la mbele la kushoto chuma kimepasuka. Ufa ule unaingia ukucha. Akasema kuuvuta kwa mashine, kukata na kuunga kipande kizima kutoka gari lingine, ni elfu arobaini na nane, na hilo ndilo la kwanza. Mengine ni haya: fenda elfu nane, taa kumi na moja, bampa tisa, mlango kumi na tano, rangi ya gari zima thelathini na tano. Nilijumlisha kichwani kabla hajamaliza kutaja. Laki moja na elfu ishirini na sita, na bado hatujagusa tinti wala viti.

Nilipungukiwa elfu ishirini na tano tu. Ungenitumia. Najua ungenitumia siku hiyo hiyo. Lakini kuziomba kulihitaji sentensi moja, na sentensi hiyo sikuwa nayo.

Mzee Obiero akasema jambo lililo wazi, fanya mifupa sasa, ngozi Mungu atakupa Aprili. Nenda kwa wakwe na gari lenye mabaka, utarudi. Jirani yake, Griffin, yule mpaka rangi kijana mwenye miwani ya jua, alikuwa anasikiliza huku anakoroga rangi, akaingilia. Alisema, mzee, usimtishe dada, hii ni kazi ya mekapu, bibi harusi hakaguliwi mifupa. Mzee akamjibu kwamba bibi harusi hapandwi na watu watano kwenda Port Victoria kwa kasi ya mia. Vijana wote wa gereji walicheka, hata mimi. Griffin akasema yeye kwa elfu tano atapitisha moto wa kuchomelea kidogo kwenye ule ufa, ajaze fila, ule udongo wa kuzibia, apake rangi nyeusi ya chini, na hata mwenye gari akilala chini yake hataona kitu. Mzee Obiero alinitazama akasubiri.

Niliwaambia nitafikiria, na nilifikiria kweli. Nilikaa siku mbili na karatasi. Nilichora safu mbili kama nilivyofundishwa. Safu moja ilikuwa na gari zima lenye madoadoa ya fila, bampa la rangi nyingine, na wewe ukishuka kutoka humo mbele ya yule mjomba. Safu ya pili ilikuwa na gari linalong'aa. Ufa sikuuandika kwenye safu yoyote. Nilisema utakuwa wa Januari. Kaka, nimesoma takwimu miaka minne kwa pesa za mgongo wako. Najua maana ya hatari ndogo inayorudiwa mara nyingi. Naweza kuiandikia mlinganyo. Na bado sikuiandika, kwa sababu karatasi ile haikuwa ya hesabu, ilikuwa ya kujitetea.

Jumatatu nililivuta gari kutoka kwa Mzee nikalipeleka kwa Griffin, hatua thelathini. Mzee alirudisha gesi yake ndani. Sabini na nane za bodi na rangi, tatu na nusu za tinti, tisa za viti, elfu moja na mia mbili za maandishi. Rimu sikuweza, kwa hiyo hizo unazozisifu ni vifuniko vya plastiki vya elfu nne. Tano za mekapu. Zilibaki mia tatu, nikanunua ule mti wa manukato unaoning'inia kwenye kioo ili uue harufu ya omena. Haikuvuka hata shilingi. Sijawahi kuandika bajeti safi kama hiyo.

Gari lilitoka gereji tarehe ishirini na sita Novemba. Mama aliliona akapiga vigelegele, na Jumapili mchungaji akaliombea, akaweka mkono wake kwenye fenda, juu kabisa ya mahali penyewe. Tangu hapo mama amekuwa akienda Usenge nami kuchukua omena. Hukaa mbele, kushoto, mkoba magotini, kama mke wa waziri. Likifunga breki hutoa mlio chini yake kama mtu anayevunja kuni kavu, na usukani huvuta kushoto. Mara ya kwanza aliniuliza ni nini. Nilimwambia ni uzito wa magunia. Safari iliyofuata tulikwenda Usenge bila gunia hata moja na mlio ukalia pale pale. Hakuuliza tena.

Leo asubuhi ulipoondoka nilimfuata kwenye wavu. Nilimwambia yote, haraka, nikitazama omena. Hakuacha kuzigeuza. Nilipomaliza aliniuliza swali moja, kwamba tangu gari litoke kwa fundi yeye amekaa kwenye kiti kile mara ngapi. Nilijua. Nilimwambia mara saba. Aligeuza safu nzima mpaka mwisho wa wavu, akarudi, akaniuliza na yule ng'ombe alikuwa wa rangi gani.

Akasema alijua tangu Jumamosi ile ya Kisian, kwamba kijiji kizima hakiwezi kukana ng'ombe mmoja, ila alingoja nimwambie mwenyewe, na akawa anapanda gari lile akiamini kwamba mtu akidanganya juu ya ng'ombe si lazima adanganye juu ya chuma. Kisha akasema, mwambie ndugu yako, na isiwe kwa mdomo wangu. Hakunitukana. Angenitukana ningeweza kupumua.

Kwa hiyo na wewe ujue. Hapakuwa na ng'ombe. Asubuhi ile ya Alhamisi uliniandikia kwamba yule mlinzi mwenzako wa Kakamega amekucheka tena, akisema picha ya gari lililosimama hata yeye anaweza kuipiga kwenye maegesho ya supamaketi. Uliniomba video ya gari likitembea, ziwa likionekana. Pale karibu na Kisian ziwa lilionekana kulia, jeupe, zuri, na nikashika simu kwa mkono wa kulia nikaielekeza dirishani, nikitabasamu, nikisema jina lako. Video ipo. Ina sekunde kumi na moja. Ziwa linaonekana vizuri, mimi nasikika nikisema, "Omera, kaka, ona jasho lako linavyokimbia," halafu ni nyasi na kelele. Sikuambii haya ili ujilaumu. Nakuambia kwa sababu ulipiga simu jioni ile kuuliza video iko wapi, ukacheka ukasema dada yako akiwa na digrii anasahau mambo madogo, nami nikasema mtandao ni mbaya. Uongo wote uliofuata ulianzia hapo, kwa kutotaka ujue kwamba kitu ulichokinunua kwa miaka minne ya jua nilikivunja ili nikufurahishe.

Kesho mmepanga kupita Ugunja na Bumala. Wewe kwenye usukani, mashangazi watatu nyuma, mama mbele, kushoto.

Nilifikiria kuchukua ufunguo niutupe ziwani. Nilifika nao mpaka barabarani. Kisha nikaona kwamba huko kungekuwa kukuamulia tena, na nimekuamulia vya kutosha. Ufunguo uko ndani ya bahasha hii. Lakini nilifanya jambo jingine kabla ya kukaa kuandika. Nilichukua bisibisi ya baba, nikaingia chini ya gari kwa mgongo, nikaanza kukwangua pale. Rangi nyeusi ilitoka kama ngozi ya samaki. Fila ilitoka vipande vipande ikaniangukia machoni. Chini yake ile kazi ya moto ya Griffin imeshaachia, kaka. Wiki tatu na nusu. Ufa wa Oktoba uliingia ukucha. Wa leo unaingia ncha ya bisibisi. Nimekwangua eneo la ukubwa wa kiganja na nimeacha bisibisi juu ya tofali. Usiniamini mimi. Lala chini uone.

Byron, yule wa Probox anayebeba samaki wa mama Dorca, atakuja kesho saa kumi na mbili asubuhi. Nimemlipa kwa kompyuta yangu, kwenda na kurudi. Amekubali kuliosha mara mbili ila amesema harufu hawezi kuiahidi, na mlango mmoja wa nyuma hufungwa kwa kamba. Najua maana ya kamba hiyo. Najua yule mjomba atasimama wapi na atasema nini. Kama utataka, nitashuka wa kwanza mimi, nimwambie mbele ya wageni wake kwamba gari la kaka yangu lipo, ni zuri, na mimi ndiye niliyeliharibu mara mbili: mara ya kwanza kwa simu na mara ya pili kwa rangi. Acheke mimi. Na kama hutaki nije kabisa, nitabaki nigeuze omena, na sitakuuliza ni lini utanisemesha tena.

Wasalimie mashangazi wakifika leo jioni. Nabwire umpe salamu zangu, umwambie zile picha zote zilikuwa za kweli, ila nusu. Mungu akulinde njiani, na safari hii tumpunguzie kazi.

Nitakuwa nje na mama kwenye wavu, ninakuona kupitia dirisha. Nikiona umefika mwisho wa barua hii nitakutumia picha niliyopiga leo nikiwa nimelala chini ya gari. Haina ziwa wala maandishi. Ni ya kwanza ya upande wa kushoto.

Ni mimi dada yako mdogo, ambaye hutakosea ukikataa kumwita Profesa,

Celestine